Malipizi Bila Maungamo: Tunajifunza Nini Kutokana na Fidia za Mamilioni huko Marekani?



Muhula huu darasani kwetu tumekuwa tukisoma juu ya haki, tukianza na Aristotle na kuendelea na Mtakatifu Thomas wa Akwino. Siku moja padre mwalimu wetu aliingia akaandika ubaoni namba moja tu: 229,000,000. Akasema hizo ni dola. Mwaka 2019, katika jiji la Baltimore nchini Marekani, raia wa kawaida walioketi mahakamani waliamua kwamba hospitali imlipe mama mmoja na mwanawe kiasi hicho, kwa sababu mtoto alizaliwa akiwa na madhara makubwa ya ubongo. Padre akatugeukia na kutuuliza: “Je, hii ni haki?”

Wengi wetu tulicheka. Mmoja alisema hiyo ni tamaa ya Wamarekani na mawakili wao. Mwingine alianza kukokotoa ni zahanati ngapi zingejengwa jimboni kwetu kwa fedha hizo. Mwingine akatetea kwamba mtoto hana bei, kwa hiyo hata namba hiyo ni ndogo. Mjadala ulichemka mpaka kengele ya sala ya adhuhuri ilipotukata kauli.

Lakini kuna mwenzetu ambaye hakusema neno. Jioni, tukiwa bustanini kwenye kazi za mikono, ndipo alipofungua kinywa. Dada yake alifariki akijifungua. Alifikishwa leba saa moja jioni. Alfajiri familia iliambiwa kwamba mama na mtoto wameondoka. Hakuna aliyewaeleza ni nini kilitokea kati ya saa moja jioni na alfajiri. Faili hawakuliona. Walipouliza, waliambiwa: “Tulijitahidi, lakini Mungu amempenda zaidi.” Mwenzetu akatuambia hivi: “Ninyi mnabishana juu ya dola milioni 229. Sisi hatukupewa hata sentensi moja.”

Tangu jioni ile hatujacheka tena juu ya namba ile. Makala hii ni jaribio letu la kujibu swali la padre, na la mwenzetu pia.

Namba inatoka wapi

Kwanza tuelewe mambo yenyewe, maana kuhukumu kabla ya kuelewa si falsafa. Kwetu kesi ya madai huamuliwa na hakimu au jaji. Marekani ni tofauti. Marekebisho ya Saba ya Katiba yao, yaliyoanza kutumika mwaka 1791, yanalinda haki ya kusikilizwa na juri katika kesi za madai kwenye mahakama za shirikisho, na katiba za majimbo mengi zina ulinzi wa namna hiyo hiyo. Juri ni jopo la raia waliochaguliwa kwa bahati kutoka kwenye orodha kama zile za wapigakura. Kunaweza kuwa na fundi bomba, mwalimu, mhudumu wa duka na mstaafu. Wanasikiliza pande zote mbili, wanajifungia chumbani, kisha wanatoka na jibu: kulikuwa na uzembe au hapakuwa, na kama ulikuwepo, ni kiasi gani kilipwe.

Fidia yenyewe ina mafungu. Fungu la kwanza ni hasara zinazohesabika: gharama za matibabu yaliyopita na yajayo, na mshahara ambao mtu hataupata tena. Fungu la pili ni maumivu na mateso, yaani yale ambayo hakuna risiti yake. Mara chache huongezwa fungu la tatu la kumwadhibu mkosaji, pale ambapo tendo lake limevuka uzembe wa kawaida.

Sasa tutazame mfano mwingine. Mwaka 2023, juri la Philadelphia liliamua mtoto aliyeumia wakati wa kuzaliwa alipwe takriban dola milioni 183. Ukisikia hivyo unashika kichwa. Lakini zaidi ya nusu ya kiasi hicho ilikuwa kwa ajili ya matunzo ya miaka yote iliyo mbele yake. Mtoto mwenye mtindio mkubwa wa ubongo anahitaji wauguzi wa zamu mchana na usiku, chakula kinachopitishwa kwenye mpira, kiti maalumu kinachobadilishwa kila anapokua, dawa za degedege, na mtu wa kumgeuza kitandani asipate vidonda. Zidisha gharama hizo kwa bei za hospitali za Marekani, kisha zidisha kwa miaka hamsini au sitini. Namba ile imeanzia kwenye bei ya kumtunza binadamu mmoja katika nchi ambayo matunzo ni ghali mno, kabla hatujafika kwenye tamaa ya mtu yeyote.

Kwa hiyo wale tuliocheka tulikosea. Sisi wenye miaka 25, ambao hatuna mtoto wala hatutegemei kuwa naye, ni rahisi kwetu kusema mtu amelipwa mno. Hatujawahi kumgeuza mtoto saa nane za usiku.

Ukomo na anayeubeba

Wapo Wamarekani wengi wanaosema juri lifungwe mikono, na hoja yao si ya kubeza. Madaktari hukata bima ya kuwalinda dhidi ya madai, na bima hiyo ikipanda sana, wengine huacha kuzalisha au huhama. Mwezi Julai 2002 kituo kikuu cha majeruhi mjini Las Vegas kilifungwa kwa siku kama kumi kwa sababu madaktari bingwa walijiondoa wakilalamikia gharama za bima. Tafakari mji mkubwa namna ile bila kituo hicho, na mtu amegongwa na gari.

Dawa iliyopendekezwa na majimbo mengi ni kuweka ukomo wa fidia ya maumivu na mateso. California ilitangulia mwaka 1975, ikaweka ukomo wa dola 250,000. Gavana aliyetia sahihi sheria hiyo ni Jerry Brown, ambaye katika ujana wake alikaa miaka kadhaa katika nyumba ya malezi ya Wajesuiti akijiandaa kuwa padre, kabla ya kutoka mwaka 1960. Tunamtaja kwa sababu alikuwa mtu wa malezi kama yetu, naye alilazimika kuamua. Kiasi kile hakikuguswa kwa zaidi ya miaka 45, wakati bei za vitu zilipanda zaidi ya mara tano. Mwaka 2022 ndipo California ilipopitisha sheria mpya: tangu Januari 2023 ukomo ulianza kwenye dola 350,000 kwa aliyeumia na dola 500,000 pale mtu alipofariki, ukipanda kidogo kidogo kwa miaka kumi hadi 750,000 na milioni moja. Texas nayo iliweka ukomo wake mwaka 2003, wananchi wakauthibitisha kwa kura. Kwingine mahakama zimekataa: mwaka 2010 mahakama kuu za Illinois na Georgia zilitangua sheria za namna hii katika majimbo yao.

Tuupime ukomo huu kwa mizani ya haki. Je, unamgusa nani? Aliyepata maumivu madogo haumgusi, kwa kuwa hakufika kwenye kikomo. Unamgusa yule tu aliyeumizwa kuliko wote. Aliyepofuka, aliyepooza, aliyempoteza mwana, ndio wanaoambiwa: mateso yenu yanaishia hapa. Ni ajabu kwamba mzigo wa kupunguza gharama za bima ya nchi nzima umewekwa mabegani mwa walioumia zaidi.

Si hilo tu. Mara nyingi mshahara uliopotea hauwekewi ukomo. Meneja wa benki akikatwa mguu kwa makosa, anaweza kudai mamilioni ya mishahara ijayo. Mama wa nyumbani, mzee mstaafu au mtoto wa miaka mitatu akikatwa mguu ule ule, hana hati ya mshahara ya kuonyesha. Sehemu kubwa ya madai yake ni maumivu, na hayo ndiyo yaliyofungiwa. Zaidi ya hapo, wakili huko kwa kawaida hulipwa fungu la fidia, mara nyingi theluthi, tena baada ya kushinda. Akiona kesi ya bibi kizee itagharimu zaidi ya itakachorudisha, haipokei. Kwa hiyo sheria iliyotungwa kumzuia mwenye tamaa inaishia kumfungia mlango mnyonge. Sisi tunaosoma mafundisho jamii ya Kanisa hatuwezi kupita hapo kimya.

Lakini juri nalo ni bahati nasibu

Hata hivyo tusikimbilie kusema kwamba fidia kubwa ndiyo haki yenyewe. Turudi Baltimore. Jaji alipunguza kiasi kile hadi kama dola milioni 205 kutokana na ukomo wa jimbo la Maryland. Kisha mwaka 2021 mahakama ya rufani iliutangua uamuzi wote. Baada ya miaka ya kesi, milioni 229 zikawa sifuri. Mtoto ni yule yule, na mahitaji yake ni yale yale. Na kwa ujumla, kesi za namna hii zinapofika mbele ya juri, madaktari hushinda nyingi kuliko wanavyoshindwa. Gazeti huandika habari za aliyepata mamilioni. Aliyerudi nyumbani mikono mitupu haandikwi.

Watafiti wa Harvard walipitia zaidi ya mafaili 30,000 ya wagonjwa waliolazwa katika jimbo la New York mwaka 1984, wakachapisha matokeo yao mwaka 1991. Waligundua kwamba karibu mgonjwa 1 kati ya 100 aliumizwa na uzembe. Wengi sana kati ya hao hawakudai chochote. Na kwa upande mwingine, wengi kati ya waliodai, faili halikuonyesha uzembe. Ni kama nyavu yenye matundu makubwa: inawakosa samaki wengi iliyowekewa, na inanasa wengine wasiokusudiwa.

Utafiti mwingine wa mwaka 2006, uliopitia madai 1,452, uliona kwamba kwa ujumla fidia ilikwenda mahali panapostahili mara nyingi zaidi kuliko kukosea. Lakini kwa kila dola moja iliyomfikia mgonjwa, senti 54 zilitumika kwa mawakili, wataalamu wa ushahidi na mahakama. Tunaomba msomaji alitafakari hilo polepole. Ni kama kumpelekea mgonjwa debe la maji kwa kumwaga njiani zaidi ya nusu debe jingine.

Kwa hiyo tuna ukomo unaowaonea walioumia zaidi, na tuna juri linalomtajirisha mmoja huku likiwasahau wengi. Wamarekani wamebishana juu ya mambo haya mawili kwa nusu karne. Sisi tunathubutu kusema kwamba pande zote mbili zinabishana juu ya hatua ya mwisho kabla ya kutimiza ile ya kwanza.

Mtakatifu Thomas na kiungo kilichokatwa

Aristotle alifundisha kwamba jaji anapotengeneza haki kati ya watu wawili, ni kama mtu mwenye mstari uliogawanywa visivyo sawa: huchukua kilichozidi upande mmoja na kukirudisha upande mwingine. Ni rahisi kama ni gunia la mahindi. Lakini je, kama kilichochukuliwa ni mkono, au uhai?

Mtakatifu Thomas aliliona tatizo hilo. Katika Summa, anapozungumzia wajibu wa kurudisha, anakiri kwamba yapo mambo ambayo hayawezi kurudishwa sawa kwa sawa. Kwa hayo anasema yatosha kufidia kadiri inavyowezekana. Anatoa mfano wa aliyemkata mwenzake kiungo: na afidie kwa fedha au kwa heshima, kwa kuzingatia hali ya wote wawili, kulingana na maamuzi ya mtu mwema.

Tuone mambo matatu hapo. La kwanza ni “kadiri inavyowezekana”. Kutoweza kurudisha chote hakumwondolei mtu wajibu wa kurudisha kinachowezekana. La pili ni “maamuzi ya mtu mwema”. Thomas hakuandika jedwali la bei za viungo. Aliacha nafasi kwa busara ya binadamu anayeitazama hali halisi. Katika hili anafanana na wenye juri kuliko wenye ukomo, maana ukomo huamua juu ya mtu ambaye watunga sheria hawajamwona. La tatu, ambalo tunadhani limesahauliwa, ni kwamba fidia inaweza kuwa ya fedha au ya heshima. Aliyeumizwa hakupoteza kiungo tu. Ameshushwa pia, amefanywa kama kitu. Kumrudishia heshima ni sehemu ya deni.

Je, heshima hurudishwaje? Sisi Wakatoliki tunayo shule ya jambo hili tangu utoto. Katika Sakramenti ya Kitubio tulifundishwa matendo ya mwenye kutubu: majuto, maungamo na malipizi. Hakuna padre anayempa mtu malipizi kabla hajaungama. Zakayo alisimama mbele ya watu wote akasema kwa kinywa chake kwamba atarudisha mara nne. Alisema, kisha akalipa.

Mahakama za Marekani zimejenga mashine kubwa ya malipizi isiyo na maungamo. Makubaliano mengi hufungwa nje ya mahakama kwa masharti ya usiri, na hospitali ikilipa huku ikisema kwamba haikubali kosa. Daktari huonywa na mawakili asiseme na familia. Mama anapata hundi, lakini hapati jibu. Na pengine ndiyo sababu namba zinakua mno: raia waliofungiwa chumbani wakiwa na hasira juu ya ukimya hawana lugha nyingine ya kusema isipokuwa dola.

Walioanza kwa kusema ukweli

Habari njema ni kwamba wapo waliojaribu njia nyingine. Mwaka 1987 hospitali ya maveterani mjini Lexington, jimbo la Kentucky, baada ya kupigwa na hukumu kubwa, iliamua kuwaita wagonjwa na familia zao, kuwaeleza kosa, kuomba radhi na kuwapa fidia, hata pale ambapo familia haikujua kwamba kosa limetokea. Tangu mwaka 2001 Chuo Kikuu cha Michigan kilifuata njia kama hiyo katika hospitali zake: chunguza haraka, sema ukweli, kama tumekosa tulipe, kama hatukukosa tueleze na tujitetee, na katika yote turekebishe kilichosababisha.

Wengi walitabiri kwamba hospitali itafilisika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kinyume. Madai mapya yalishuka kutoka takriban 7 hadi chini ya 5 kwa kila mahudhurio 100,000 ya wagonjwa, na mashauri yalimalizika mapema zaidi. Watafiti wenyewe walionya kwamba hawawezi kuthibitisha kuwa ukweli peke yake ndio ulioleta matokeo hayo, kwa maana madai yalikuwa yakipungua pia kwingine jimboni. Lakini angalau ule utabiri wa maangamizi haukutimia.

Kuhusu matunzo ya muda mrefu, New Zealand tangu mwaka 1974 ina mfuko wa taifa unaomtunza aliyeumia bila kumlazimisha kwanza kumshinda mtu mahakamani. Ndani ya Marekani kwenyewe, Virginia na Florida zina mifuko maalumu kwa watoto walioumia ubongo wakati wa kuzaliwa. Mifuko hiyo nayo ina lawama zake, lakini inatukumbusha Msamaria mwema. Hakumwachia aliyejeruhiwa gunia la fedha barabarani. Alimpeleka nyumba ya wageni, akalipa dinari mbili, akamwambia mwenye nyumba kwamba gharama itakayozidi atailipa akirudi. Matunzo hayakuwekewa ukomo, na fedha ilifuata hitaji. Bila shaka Msamaria hakuwa mkosaji, wanyang'anyi walishakimbia. Lakini kama asiye na kosa alifanya hivyo, mwenye kosa afanye nini?

Na sisi je?

Kuna atakayesema: haya ni ya Marekani, yanatuhusu nini sisi? Ni kweli kwamba kwetu hatuna juri katika kesi za madai wala fidia za mamilioni ya dola. Lakini hofu ya kusema ukweli tunayo sana, tena sisi tumeivika vazi takatifu.

Tunaenda kwenye mazishi mengi, tukiwa kwenye utume parokiani na wakati wa likizo. Mara ngapi tumesikia, na mara ngapi sisi wenyewe tumesema, kwamba “kazi ya Mungu haina makosa”? Ni kweli, kazi ya Mungu haina makosa. Lakini kazi ya binadamu inayo. Mama akivuja damu usiku kucha kwa sababu aliyepaswa kuwa zamu hakuwepo, hiyo si kazi ya Mungu. Kumbandikia Mungu kosa la mtu ni kulitaja bure jina lake. Na kwa aliyefiwa, ni kumfunga mdomo kwa kutumia imani yake mwenyewe. Hivyo ndivyo alivyofungwa mdomo mwenzetu, na waliomfunga walikuwa Wakristo wema waliotaka kumfariji.

Hatusemi kila kifo ni uzembe. Kuna wanaokufa baada ya kuhudumiwa kwa ustadi na kwa upendo wote. Wala hatusemi tuwageukie manesi na madaktari kwa mawe. Tunajua wodi ambamo nesi mmoja anahudumia wagonjwa wa watu watatu, na umeme unakatika katikati ya upasuaji. Mara nyingine ukweli utaonyesha kwamba mkosaji ni aliyepanga zamu, au aliyechelewesha dawa, au sisi sote tuliozoea. Ndiyo maana tunautaka ukweli wote, kwa kuwa utamlinda pia nesi asiye na kosa.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo machache. Kwanza, sisi majandokasisi tujifunze kunyamaza msibani kabla ya kumsemea Mungu. Kukaa mkekani na wafiwa bila kutoa maelezo ni uchungaji wa kutosha kwa siku ile. Pili, hospitali, vituo vya afya na zahanati za majimbo yetu vitangulie. Familia iliyopoteza mtu iitwe ndani ya siku chache, ikae na daktari na mkunga wa zamu, ifunguliwe faili na kuelezwa kwa Kiswahili chepesi. Palipo na kosa, likirwe na ufidiwe ubaya kadiri inavyowezekana, hata kama uwezo ni wa kugharamia matunzo ya kichanga kilichobaki. Kanisa linalowaungamisha watu lisiogope kuungama. Tatu, waamini wajue kwamba kuuliza si dhambi wala si kukosa imani. Andikeni barua kwa uongozi wa hospitali. Ikibidi, kuna Baraza la Madaktari Tanganyika kwa ajili ya malalamiko. Na anayetaka kufungua shauri la madai Tanzania Bara ajue kwamba sheria humpa miaka mitatu tu. Ofisi za haki na amani za majimbo na parokia zinaweza kuwasindikiza wasiojua kuandika barua hiyo.

Tunajua pingamizi: hospitali zetu ni maskini, zikikiri zitafungwa. Tunaheshimu hofu hiyo. Lakini Sheria ya Musa, katika Kutoka 21, ilipomtaka aliyemjeruhi mwenzake alipie siku alizokosa kazi na ahakikishe amepona kabisa, haikutungwa kwa ajili ya matajiri peke yao. Na umaskini haujawahi kumzuia mtu kusema, “Tumekosa, tunaomba mtusamehe, na hivi ndivyo tulivyobadilisha zamu ili asife mwingine.”

Tulipomrudia padre na majibu yetu, tulimwambia kwamba hatuwezi kusema kama milioni 229 ni nyingi au ni chache. Tunachoweza kusema ni kwamba mtoto yule alistahili matunzo hata mama yake angeshindwa kesi, na kwamba hakuna kiasi kinachotosha pale ambapo hakuna aliyesema ukweli. Padre alifuta namba ile ubaoni, akasema tuendelee na somo.

Mwenzetu ameamua kwamba likizo hii atakwenda na baba yake kwenye kituo kile cha afya kuomba kuelezwa. Miaka mitatu haijatimia, lakini yeye haendi kudai fedha. Anakwenda kudai ile sentensi moja. Baadhi yetu tutamsindikiza. Tunawaomba mtuombee, na mumwombee pia mkunga aliyekuwa zamu usiku ule, ambaye pengine naye amebeba peke yake jambo ambalo hajapata mahali pa kulisema.